Mara ya mwisho ulicheza lini?



Katika mafunzo ya kamati za sharika Ngara na Biharamulo tumezoea kuanza kwa sala, utambulisho na shabaha ya siku. Safari moja tuliongeza swali dogo la kuchangamsha kikao: "Mara ya mwisho ulicheza lini?" Tulitegemea kicheko cha dakika mbili, kisha tuendelee na mradi wa maji. Majibu yalichukua asubuhi nzima.

Akina baba walijibu upesi. Mmoja alicheza bao Jumapili baada ya ibada. Mwingine alicheza drafti ya vifuniko vya soda jana yake. Akina mama walitazamana. Ndipo mama mmoja mtu mzima akasema: "Mwanangu, mimi nilicheza kabla sijaanza kubeba mtungi." Hakuna aliyecheka.

Kinachotuzuia ni nini?

Wapo wasemao kwamba mchezo ni wa walioshiba. Historia ya eneo letu inaonyesha vingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Baadhi yetu tulikuwa wanafunzi wa shule ya msingi. Tunakumbuka foleni za maji na mahema ya turubai. Tunakumbuka pia watoto waliofunga mifuko ya plastiki kwa kamba za mgomba wakapata mpira. Shida ilikuwa kubwa, lakini walicheza.

Kwa mtu mzima kuna haya: mzee wa kanisa ataonekanaje akiruka kamba? Lakini zaidi ya haya kuna mgawanyo wa kazi. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wa heshima. Rwanda wana igisoro, Uganda wana omweso, na Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda bao. Linanoa hesabu na kuwaketisha pamoja majirani ambao pengine wasingesalimiana. Hatulilaumu. Ila mara nyingi, baba anaposambaza kete, mama yuko njiani na ndoo au yuko jikoni na moshi.

Tulijaribu mdako

Siku ile tuliahirisha ajenda. Tulichimba kishimo chini ya mwembe, tukajaza kokoto. Katika mdako unarusha kijiwe juu, unakomba kokoto kutoka shimoni, kisha unakidaka kabla hakijaanguka. Ukirusha tena, unarudisha zote isipokuwa moja. Ukikosa kudaka, unampisha mwenzako.

Yule mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikunja kitenge, akaketi chini. Mkono ulikuwa haujasahau. Mwinjilisti alishindwa, katibu akashindwa, na mwenyekiti hakufika hata kokoto ya tatu. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

Tuliporudi kwenye ajenda, mama huyo aliinua mkono. Aliuliza kwa nini kisima kimepangwa karibu na ofisi ya kijiji, ilhali wengi wanaochota maji wanatoka bondeni. Swali hilo halikuwahi kuulizwa katika vikao vyetu vilivyotangulia. Hatudai kwamba mdako ndio uliompa swali. Pengine alikuwa nalo siku zote. Tunachosema ni kwamba siku ile alilitoa, na waliokuwa wameshindwa naye mchezoni walimsikiliza.

Somo letu sisi waratibu

Kosa lilikuwa letu. Tunapowaandikia wafadhili, tunahesabu ndoo na mita. Saa ambazo mama ataokoa tunaahidi kwamba zitakwenda kwenye bustani, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, kwenye "shughuli za uzalishaji". Hatujawahi kuandika kwamba saa moja kati ya hizo ni yake, apumzike. Tumekuwa tukimtua mama ndoo kichwani na kumkabidhi jembe papo hapo.

Haki hii si ya watoto peke yao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja mapumziko na michezo katika kifungu cha 31. Lakini Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika. Naye nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipoeleza mji uliorudishiwa amani, aliwataja wazee wa kiume na wa kike wameketi na mikongojo, na watoto wakicheza barabarani. Katika picha ile ya amani, bibi naye ameketi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kila mjumbe aseme: mara ya mwisho ulicheza lini, na mchezo gani?
2. Katika mtaa wenu, nani ana muda wa kucheza, na nani anafanya kazi wakati huo?
3. Mradi wenu umeokoa saa ngapi za akina mama? Saa hizo zimekwenda wapi?
4. Ni kazi ipi ya nyumbani ambayo akina baba wanaweza kuichukua Jumapili moja kwa mwezi, ili akina mama wacheze?

Kabla ya kufunga kikao, chimbeni kishimo. Kokoto hazihitaji bajeti.