Jina Likifutwa, Mtu Hajafichika

Bagamoyo ina historia ndefu kwenye utafiti wa malaria. Kuanzia mwaka 2009, kupitia tawi la Taasisi ya Afya Ifakara, watoto wa huku walikuwa miongoni mwa 15,459 wa nchi saba za Afrika walioshiriki majaribio ya mwisho ya chanjo ya RTS,S. Baadaye wengine wakashiriki ya R21. Chanjo zote mbili sasa zinapendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Lakini anayeshiriki utafiti hatoi damu tu, hutoa na taarifa zake. Haya ni maswali ambayo mzazi ana haki ya kuyauliza, pamoja na majibu yake.

Nimeambiwa jina la mwanangu halitatumika, atapewa namba. Hiyo inatosha?

Namba ni mwanzo mzuri, mradi orodha inayounganisha namba na majina ifungiwe mahali pake, mbali na majibu ya vipimo. Ila haitoshi. Tazama kishikwambi cha mhojaji: kinauliza pia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na kitongoji. Tupige hesabu. Chukua kijiji cha watu 3,000 wenye umri wa kuanzia siku moja hadi miaka 80. Siku 365 mara miaka 80 mara jinsia mbili ni makundi 58,400. Watu 3,000 wakitawanyika humo kwa bahati nasibu, takriban 95 kati ya kila 100 watabaki peke yao kwenye kundi. Anayejua siku uliyozaliwa na kijiji chako hahitaji jina lako.

Limewahi kutokea, au ni nadharia tu?

Limetokea. Katika miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitoa kumbukumbu za matibabu za watumishi wake baada ya kufuta majina. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalilinganisha na kumbukumbu hizo. Waliozaliwa siku moja na Gavana William Weld walikuwa sita. Wanaume kati yao watatu. Wenye namba ya posta kama yake, yeye peke yake. Rekodi za matibabu za gavana zikajulikana.

Hisabati inatusaidiaje basi?

Njia ya kwanza ni kukusanya watu kwenye makundi makubwa. Badala ya tarehe kamili, andika umri kwa miaka mitano mitano. Kijiji chetu kitakuwa na makundi 32 tu, kila moja likiwa na watu wapatao 94. Hapo huwezi kumnyooshea mtu kidole. Hasara yake ni kwamba utafiti hupoteza makali. Kwenye RTS,S, watoto wa wiki 6 hadi 12 na wale wa miezi 5 hadi 17 walikingwa kwa viwango tofauti; ukiwachanganya, hutaiona tofauti hiyo. Kwa hiyo taarifa kamili hubaki kwa watu wachache, na zinazotolewa nje huwa zimepunguzwa makali.

Na maswali ya aibu, kama ya magonjwa ya zinaa?

Mwaka 1965 Stanley Warner alipendekeza kutumia bahati nasibu katika kujibu. Namna moja ya kufanya hivyo ni hii. Rusha sarafu ya shilingi 100 bila mhojaji kuona. Ikitua upande wenye sura ya Mwalimu Nyerere, sema kweli. Ikitua upande wa pili, irushe tena: Mwalimu ukijibu “ndiyo”, upande wa pili “hapana”. Tuseme watu 400 wamehojiwa na 130 wamesema “ndiyo”. Karibu “ndiyo” 100 kati ya hizo ni za sarafu. Zinazobaki 30 zimetoka kwa watu wapatao 200 waliosema kweli, yaani asilimia 15. Mtafiti amepata jibu la kijiji, wala hajui la kwako. Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake walitoa kanuni ya kupima kwa hesabu ni kiasi gani cha siri ya mtu mmoja kinaweza kuvuja kwenye matokeo.

Sheria inanilindaje, na niulize nini kabla ya kusaini?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Una haki ya kujua kilichoandikwa juu yako na kuomba kirekebishwe, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mbele ya fomu ya ridhaa, uliza: Nani ataiona tarehe ya kuzaliwa ya mwanangu? Ramani ya nyumba yetu itapelekwa nje ya nchi? Nikijitoa, yaliyokwisha kuandikwa yatafanywaje? Asiyejua kusoma asomewe yote mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, ndipo aweke dole gumba. Na ukijibiwa tu kwamba “jina halitaandikwa”, usisaini bado; endelea kuuliza.