Danieli na Majira ya Uhamisho

Somo: Danieli 9:1-19

Danieli alipelekwa Babeli akiwa kijana, akazeekea huko. Siku moja, akisoma kitabu cha Yeremia, aliona hesabu ya miaka 70, akatambua kwamba majira yanageuka. Je, alifunga mizigo? Hapana. Alifunga kula, akavaa magunia, akatubu.

Tena angalieni: hakuabudu sanamu, lakini katika maombi yake anasema "sisi", hasemi "wao". Hapo wengi wetu tunajikwaa. Jioni tunahesabu makosa ya kabila lililotufukuza. Ya kwetu hatuyataji.

Msidhani basi kwamba kila aliyekimbia anaadhibiwa. Yesu alilikataa wazo hilo aliposema juu ya mnara wa Siloamu (Luka 13:1-5), ila akawaita wote watubu. Hata watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudani kuanzia 1979. Wazee wa Pajulu wanayakumbuka.

Utajuaje kwamba moyo umeingia kiangazi? Unaimba kwaya, na jirani hamsalimiani. Maombi yako yamebaki ya mgao tu.

Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1930, walitaja dhambi zao waziwazi, wakarudisha walivyoiba. Sufuria ya mwenzako, deni la dukani, uongo uliomsingizia mtu kule nyumbani: anza na hilo juma hili, kabla ya Meza ya Bwana.