SOMO LETU: Mgeni wa Mdogo Wako

Somo la leo linawahusu hasa nyinyi mnaobaki na wadogo zenu mama akienda shambani au sokoni.

Tuseme mdogo wako ana miezi 10. Hajaweza kukaa mwenyewe, miguu imekakamaa, mkono mmoja umefumba ngumi muda wote. Jirani anasema, "Karogwa huyo." Bibi anasema, "Mvivu tu, atakaa." Nani mkweli?

Wote wamekosea. Huenda ni mtindio wa ubongo. Ubongo unaweza kuumia mtoto akiwa tumboni, akichelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, au baadaye akipata manjano kali ya uchangani, homa ya uti wa mgongo au malaria ya kichwani. Hauambukizi, si laana, wala si kosa la mama.

Angalia dalili hizi
• Miezi 4: shingo bado haijakaza.
• Miezi 9: hawezi kukaa bila kuegemezwa.
• Kabla ya mwaka 1: anatumia mkono mmoja tu.
• Miezi 18: hatembei.

Ukiona mojawapo, mwambie mama ampeleke kliniki na kadi yake. Msisubiri! Ubongo wa mtoto mdogo hujifunza upesi. Kichwa kikikua haraka mno, aende hospitali mara moja.

Mgeni anakuja kufanya nini?
Sehemu nyingine, kliniki huwaunganisha na mhudumu anayetembelea watoto nyumbani. Hana dawa ya kuponya mtindio wa ubongo; dawa hiyo haipo. Anakuja kuona mtoto anavyolishwa, anavyobebwa na anavyolala, halafu anawafundisha nyinyi. Kwa nini nyumbani? Kwa sababu mkeka, kanga na sufuria mnavyotumia viko huko.

Atawaonyesha mambo kama haya:
1. Kula. Usimlishe amelala chali. Uji unaweza kuingia mapafuni. Mkalishe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo. Tumia kijiko kidogo, subiri ameze.
2. Kubeba. Usimbebe amenyooka kama gogo. Mkunje magoti, miguu itanuke kiunoni kwako.
3. Kucheza. Mwite jina, subiri akutazame. Kopo la kuchezea liweke upande wa mkono dhaifu.

Na wewe je?
Mgeni akija, usikimbilie mpira. Kaa, tazama, uliza, kisha rudia mbele yake akusahihishe. Yeye huja siku moja moja, wewe upo kila siku! Wenzako wakija, usimfiche mdogo wako chumbani. Asiposikia watu wakiongea, atajifunzaje kuongea?

Zoezi
1. Kwa nini mtoto asilishwe amelala chali?
2. Rafiki yako anasema ugonjwa huu unaambukiza. Utamjibuje?
3. Wiki hii, mwangalie mtoto mmoja wa jirani akicheza. Anatumia mikono yote miwili?