SOMO LA INFORMATIKI: Ghala la kote likikataa kufunguka, tuanze na nini?



Katika somo hili tutaangalia magonjwa ya ghala dogo la habari linaloitwa SQLite, na namna ya kulitibu bila kuliua. Wengine watasema: "Sisi hatuna hiyo kitu." Munayo. Kila telefone ya Android iko nayo ndani. Jumbe za WhatsApp katika Android zinawekwa humo. Wale watu waliopita katika kambi za wakimbizi na telefone mkononi, wakiuliza majina na hesabu ya watoto, wengi walitumia programu ya KoboCollect, na orodha ya fomu zake inakaa katika SQLite. Tena sekretere wa shule anayeacha kahiye za kote na kuziandika ndani ya kompyuta, kwa programu ndogo iliyotengenezwa na kijana fulani, mara nyingi anatumia SQLite bila kujua jina lake.

Hapa Sake jambo hili si mchezo. Tangu mwezi wa 2 mwaka 2024, vita ilipokaribia, watu wengi walikimbilia upande wa Goma, kilometa kama 25, na wengine haikuwa mara yao ya kwanza. Mwezi wa 1 mwaka 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23. Mtoto akifika katika shule nyingine, prefe anamuuliza: "Buletini yako iko wapi? Ulipita na pursa ngapi?" Rejista kubwa ya karatasi haibebeki pamoja na godoro na sufuria. Faili moja ndani ya flash linabebeka. Lakini kama faili lile limeharibika, mtoto hana cha kuonyesha, hata kama alisoma miaka mitano.

Tujue kwanza kitu chenyewe. SQLite ilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani Richard Hipp. Alikuwa akitengeneza programu ya manowari ya jeshi la Marekani, na taabu yake ilikuwa hii: ghala la habari lilikaa katika mashini kubwa ya kuhudumia nyingine, na mashini ile ikizima, programu yake haikuweza kazi tena ingawa yenyewe ilikuwa nzima. Akawaza: mbona programu isisome faili yenyewe, moja kwa moja, bila mhudumu katikati? Ndiyo SQLite. Ghala lote ni faili moja, na programu inalifungua kama sisi tunavyofungua kahiye. Hakuna kulipa. Tena mahali pa maneno ya sheria, yeye aliweka baraka fupi ya kumtakia mtumiaji atende mema, asamehe wengine na agawe bila choyo. Kwa shule ya Kiprotestanti hilo halitushangazi sana, lakini katika mambo ya kompyuta ni ajabu.

Sasa sikilizeni sana hapa, maana ndipo watu wanapopotea.

Tuseme faili letu linaitwa kote.db. Siku umeme unakatika (kura inapotea, kama tunavyosema), ukitazama ndani ya folda utakuta pengine kafaili kengine pembeni, kanaitwa kote.db-journal. Au utakuta tuwili: kote.db-wal na kote.db-shm. Mtu asiyejua anasema: "Uchafu gani huu?" na anafuta. Kumbe amefuta dawa.

Kwa nini ni dawa? Fikirini mweka hazina wa parokia ambaye kabla ya kufuta hesabu ya zamani katika kitabu, anaandika ile ya zamani kwenye karatasi ya pembeni. Ndipo anafuta na kuandika mpya. Akimaliza vizuri, anapasua ile karatasi. Kama ameitwa katikati ya kazi, akirudi atakuta kitabu kiko nusu ya zamani nusu mpya, lakini karatasi iko, basi anarudisha yote kama ilivyokuwa na kuanza tena. SQLite inafanya vile vile. Faili la -journal ndiyo ile karatasi. Ghala likifunguliwa tena kisha umeme kurudi, SQLite yenyewe inaona karatasi, inarudisha kurasa za zamani, na inaifuta. Hatukuhitaji fundi. Lakini ukiifuta wewe, au ukilibadilisha jina kote.db, au ukilihamisha peke yake katika flash na kuacha karatasi nyuma, kitabu kitabaki nusu-nusu, na hakuna tena wa kukumbuka ilivyokuwa.

Lile la -wal ni namna nyingine, iliyoletwa mwaka 2010. Hapo mambo mapya yanaandikwa kwanza pembeni, kisha baadaye yanaingizwa katika kitabu. Maana yake: kote ulizoandika leo asubuhi zinaweza kuwa bado ndani ya -wal tu. Ukikopi kote.db peke yake, umekopi ghala la jana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, mbele ya kufungua, mbele ya kutengeneza, mbele ya kumpigia fundi: funga programu zote zinazotumia ghala, kopi folda nzima pamoja na tufaili twote, uiweke pengine. Fanya kazi juu ya kopi. Ile ya asili usiiguse. Sisi tunaona kwamba data nyingi zinauawa na haraka ya mwenye kutengeneza kuliko umeme wenyewe.

Tuangalie sasa maneno ambayo mashini inasema.

"database is locked". Hii haina maana kwamba ghala limekufa. Limefungwa tu, juu ya mtu mwingine yuko anaandika. SQLite inaruhusu wasomaji wengi wakati mmoja, lakini mwandishi mmoja tu. Mara nyingi mwingine yule ni wewe mwenyewe: umefungua ghala katika DB Browser, umebadilisha jina moja, haukubonyeza kitufe cha kuandika mabadiliko, na dirisha liko nyuma ya madirisha mengine. Au programu ilifungwa kwa macho lakini bado inatembea ndani ya mashini. Malizeni kazi iliyobaki, fungeni, jaribuni tena. Ikikataa, zimeni mashini kwa utaratibu na kuiwasha. Na kama ni ninyi munaoandika programu, iambieni ingoje kidogo badala ya kulia mara moja. Sekunde tano zinatosha:

PRAGMA busy_timeout = 5000;

Lakini kufuta -journal ili "kufungua kufuli", hapana. Tumekwisha kusema.

Neno la "readonly" linasema huna ruhusa ya kuandika. Watu wanatazama ruhusa ya faili tu na kushangaa, maana iko nzuri. Tazameni na folda pia: SQLite lazima iweze kuunda ile karatasi ya pembeni, na folda ikiikatalia, kazi imekwisha. "disk is full" inajieleza yenyewe.

"no such table" inaogopesha watu bure. Mwanafunzi anafungua, hakuna kitu, analia kwamba kote zote zimepotea. Angalieni jina. Ukiandika kotte.db mahali pa kote.db, SQLite hailalamiki hata kidogo, inakufungulia ghala jipya tupu. Ghala la kweli liko linakungoja katika folda nyingine.

"file is not a database": faili la SQLite 3 linaanza daima na maneno "SQLite format 3". Lifungueni kopi yake katika programu ya kuandikia maneno, muone mwanzo wake. Kama linaanza na PK, pengine ni zip ambayo mtu ameipa jina baya. Kama ni takataka tupu, flash yenyewe inashukiwa. Ziko flash za bei ndogo zinazodai kuwa na nafasi kubwa kuliko iliyomo kweli. Zinapokea kila kitu kwa adabu, na kilichozidi kinapotea.

Mbaya kuliko zote ni "database disk image is malformed". Hapo kweli ghala limeumia. Katika kopi, ulizeni kwanza:

PRAGMA integrity_check;

Likijibu "ok", mupumue. Likitoa mistari mingi ya malalamiko, tumieni amri hii, inayopatikana katika SQLite tangu mwaka 2019:

sqlite3 kote.db ".recover" | sqlite3 kote_mpya.db

Inapita ukurasa kwa ukurasa, inaokota kila kinachosomeka na kukiweka katika ghala jipya. Mistari ambayo haikujulikana ni ya jedwali gani itawekwa katika jedwali lenye jina lost_and_found. Humo mutakuta majina bila kote, na kote bila majina, na hapo kompyuta haiwezi kusaidia tena. Ni mwalimu wa kalasi, anayewajua watoto wake, anayekaa na sekretere kupanga.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hauna neno lolote. Ghala linafunguka, integrity_check inasema ok, na hata hivyo hesabu ni ya uongo. Tunaweka uzito hapa kwa sababu ni ugonjwa wa nchi yetu hasa. Sisi tulifundishwa kwa Kifaransa kuandika 14,5 na koma. SQLite inajua 14.5 na nukta tu. Na haikatai! Inaweka "14,5" kama maneno, ndani ya safu ya hesabu, kimya kabisa. Halafu ukijumlisha, inasoma mpaka kwenye koma na kuacha: 14. Mwanafunzi amenyang'anywa nusu ya pointi. Akifanyiwa hivyo katika masomo kumi, ni pointi tano. Kinyume chake, ukipanga kalasi kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, SQLite inaweka maneno juu ya hesabu zote, na aliyepata 6,5 anakuwa mbele ya aliyepata 18. Watu wanasema sekretere amekula hongo. Hakula, ni koma.

Namna ya kuwatafuta:

SELECT jina, kote FROM matokeo WHERE typeof(kote) = 'text';

Na kama safu iliundwa kwa namna ya REAL, dawa ni hii:

UPDATE matokeo SET kote = replace(kote, ',', '.') WHERE typeof(kote) = 'text';

Kisha rudieni swali la kwanza. Watakaobaki ni wale walioandikiwa "hayupo" au "mgonjwa", na hao si kazi ya kompyuta kuamua. Wanaoanza ghala jipya waongeze neno STRICT mwisho wa kuunda jedwali. Kuanzia toleo la mwaka 2021, jedwali la namna hiyo linakataa maneno mahali pa hesabu. Linaudhi sekretere siku ya kwanza, lakini tunapenda audhike yeye mbele ya kiti chake kuliko mzazi mbele ya palmaresi.

Ndugu yake koma ni mwanafunzi aliyefutwa. Mukimfuta mtoto katika orodha ya majina kwa sababu amekimbia, kote zake zinabaki bila mwenyewe, maana SQLite kwa desturi haichungi uhusiano wa majedwali mpaka iambiwe PRAGMA foreign_keys = ON kila mara ghala linapofunguliwa. Na integrity_check haioni jambo hili. Linaulizwa kwa PRAGMA foreign_key_check. Zaidi ya hayo, mtoto aliyekimbia asifutwe. Mumwandikie "amehama" na tarehe. Atarudi, au shule nyingine itaandika barua kuuliza habari zake.

Kuhusu akiba. Kukopi faili wakati programu inaandika ni hatari, kama tulivyoona. Iko amri inayotoa nakala nzima hata kazi ikiendelea:

sqlite3 kote.db ".backup akiba.db"

Ifanyeni kila jioni kabla ya kuzima pano na batri. Nakala moja ibaki shuleni, moja ilale nyumba nyingine, na moja, kama kuna uwezo, iwe kwa mtu wa kuaminiwa nje ya mji. Na nakala ijaribiwe: fungueni akiba.db, hesabuni mistari, SELECT count(*) FROM matokeo. Mulinganishe na hesabu ya wanafunzi katika rejista mara masomo yao. Kisha chagueni majina matatu bila kupanga, mutazame kote zao katika kahiye ya karatasi ya mwalimu.

Wa kalasi ya tano na ya sita wanaotaka kujaribu, tengenezeni ghala la uongo lenye majina kumi, wekeni koma katika mawili, na mumpe mwenzenu atafute. Ghala la sekretere musiliguse.