Somo la Mwezi: Jina la Farasi na Jina la Mtoto

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana: Mwanzo 35:16–20, Isaya 43:1–7, Yohana 10:1–5, Matendo 1:21–26.



Mwezi huu twataka kutafakari pamoja juu ya watu wanaoweka fedha zao juu ya farasi wa mashindano kwa sababu jina la farasi limewagusa moyo. Huenda mtu atasema, "Hapa Yakobi tuna viazi, parachichi na miti ya mbao, farasi wa mashindano wametoka wapi?" Ni kweli, farasi hao hawapo katika mashamba yetu. Lakini wamo katika televisheni za vibanda vya kubetia, na vibanda hivyo viko karibu na stendi na masoko tunakouza mazao. Tena si vijana peke yao wanaoingia humo.

1. Habari ya mzazi mmoja

Mzazi mmoja, ambaye hatutamtaja wala kutaja kwao, ametupa ruhusa kusimulia yaliyompata, ili wengine wapate faida.

Siku moja alipeleka viazi Makambako. Alipokwisha kuuza, mvua ikanyesha, naye akaingia kibandani kujikinga. Katika televisheni akaona farasi sita wakipangwa kukimbia, kila mmoja na jina lake la Kiingereza. Jina la mmoja lilikuwa la maneno mawili, na neno la pili lilikuwa Grace. Ndugu, Grace ndilo jina la ubatizo la binti yake, aliyefariki akiwa na umri wa miaka tisa.

Akaweka shilingi 1,000. Farasi yule akashinda, naye akapewa shilingi 5,000. Alituambia kwamba hakufurahia fedha zile. Alichofurahia ni kwamba aliona kama mtoto amemsalimu.

Tangu siku ile, kila aliposhuka sokoni alipita kibandani. Jina lile lilipoonekana, aliweka fedha. Lisipoonekana, alitafuta farasi mwenye namba inayofanana na siku aliyozaliwa binti yake. Namba hiyo isipokuwapo, alitafuta mpanda farasi aliyevaa rangi ya sweta la mtoto. Hivyo hapakuwa na siku aliyokosa ishara. Msimu wa kupanda ulipofika, fedha za mbolea zilikuwa zimekwisha, na mama wa nyumba hakujua.

Tulipomwuliza kwa nini hakuacha mapema alipoona anapoteza, alijibu, "Padre, niliona nikiacha nitakuwa nimemwacha yeye."

Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kuchagua basi la kupanda kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa nyuma yake? Kupenda jina si dhambi. Lakini basi lile lilikufikisha ulikokwenda, na nauli ilikuwa ile ile. Habari ya farasi ni tofauti, na yatupasa kuona tofauti hiyo iko wapi.

2. Farasi hupataje majina?

Kwanza tujue kwamba farasi huitwa jina na mwenye mali, kwa sababu zake mwenyewe. Huko Uingereza jina la farasi wa mashindano halitakiwi kuzidi herufi 18 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, wala halitakiwi kufanana na jina la farasi mwingine linalolindwa katika orodha. Kwa hiyo wenye farasi hutafuta kila namna ya maneno.

Zamani sana huko huko alikuwapo farasi aliyeitwa Eclipse, maana yake kupatwa kwa jua. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mwaka 1764, wakati jua lilipopatwa. Hili hatulishangai, maana hata kwetu mtoto wa wakati wa mvua huitwa Masika, na wa wakati mgumu huitwa Shida au Tabu.

Mwingine aliitwa Red Rum. Alishinda mashindano makubwa yaitwayo Grand National mara tatu, yaani mwaka 1973, 1974 na 1977. Mtu aweza kufikiri kwamba jina hilo lina siri, kwa kuwa kwa Kiingereza ni rangi nyekundu na aina ya pombe. Siri haikuwapo. Mama yake aliitwa Mared na baba yake Quorum. Mwenye farasi akachukua herufi tatu za mwisho za kila jina akaziunganisha.

Basi twaona kwamba aliyetoa jina alikuwa na habari zake. Hakuwa akituandikia barua sisi.

Na farasi wa kibandani je? Hao hawakuzaliwa kabisa. Ni picha zilizotengenezwa kwa kompyuta, na mshindi huchaguliwa na kompyuta hiyo kwa bahati nasibu. Hawana miguu inayochoka wala pumzi inayokwisha. Yule mzazi alimlilia binti yake mbele ya picha iliyopewa jina na fundi asiyemjua yeye wala mtoto.

3. Je, jina halishindi kamwe?

Tuseme kweli: mara nyingine hushinda. Mwaka 1992, tarehe 4 Aprili, mashindano ya Grand National yalifanyika siku tano tu kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza. Kati ya farasi 40 waliokimbia alikuwapo mmoja aitwaye Party Politics, yaani siasa za vyama. Naye akashinda! Walioweka fedha juu yake kwa sababu ya jina walirudi nyumbani wakisema, "Si tuliwaambia?"

Lakini, ndugu, tuwakumbuke wale farasi wengine 39. Nao walikuwa na majina, na kila jina lilikuwa na mtu aliyelipenda: huyu kwa sababu ya mkewe, yule kwa sababu ya kijiji alichozaliwa. Habari zao hazisimuliwi. Aliyebahatika husimulia miaka mingi, na aliyekosa hunyamaza. Ndiyo sababu masikio yetu yamejaa habari za majina yaliyoshinda.

Tazama pia habari ya Foinavon mwaka 1967. Farasi huyu hakutazamiwa kushinda; aliyeweka shilingi moja aliahidiwa faida ya shilingi mia. Karibu na kizuizi cha 23 farasi wa mbele walivurugana, wengine wakaanguka na wengine wakakataa kuruka. Foinavon alikuwa nyuma sana, akapata nafasi ya kupita, akashinda. Baadaye kizuizi kile kikaitwa kwa jina lake. Basi jina halikumletea ushindi. Ushindi ndio uliolifanya jina likumbukwe.

4. Hesabu ya mkeka

Vijana huiita karatasi ya kubetia "mkeka". Tuukunjue tuone ndani yake.

Chukueni mfano mwepesi. Farasi ni sita, wote wana nafasi sawa ya kushinda, na anayepatia hupewa shilingi 5,000 kwa kila shilingi 1,000. Watu sita wakiweka kila mmoja 1,000 juu ya farasi wake, jumla ni 6,000. Mmoja atapewa 5,000. Zile 1,000 zinabaki kwa mwenye mchezo, awe ameshinda farasi gani.

Sasa mtu mmoja akirudia mara 60, atakuwa ameweka shilingi 60,000. Kwa hesabu ya kawaida atapatia mara 10, apewe 50,000. Amepungukiwa 10,000, ingawa ameshinda mara 10 na kushangilia mara 10! Katika vibanda malipo hutofautiana, kwa maana farasi anayetazamiwa sana hulipa kidogo na asiyetazamiwa hulipa zaidi. Lakini malipo yote hupangwa ili sehemu ibaki kwa mwenye mchezo.

Hata penye farasi walio hai ni hivyo. Nairobi kuna uwanja wa Ngong, ambako farasi wameshindana tangu mwaka 1954. Katika viwanja vya namna hiyo fedha za watu huweza kukusanywa katika mfuko mmoja, sehemu ikakatwa kwanza, na iliyosalia ikagawanywa kwa waliopatia. Hapo wengi wakipenda jina moja, kila mmoja hupata kidogo zaidi.

Mtu anayechagua kwa bahati tu, akipoteza mara tano, huweza kuona kwamba hana faida, akaenda zake. Lakini anayechagua jina la marehemu wake hana pa kuishia. Akishinda, husema, "Amenijibu." Akishindwa, husema, "Ananijaribu." Jina halibadili hesabu hata kidogo, hubadili moyo wa mchezaji, likamfunga. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe.

5. Maandiko yatufundisha nini?

Wengine husema kwamba majina ya Biblia yote yalikuwa utabiri. Someni Mwanzo 35. Raheli alipokuwa akifa kwa uchungu wa kuzaa, alimwita mtoto Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Lakini baba yake, Yakobo, akamwita Benyamini, yaani mwana wa mkono wa kuume. Sisi tunaotamka Yakobi kila siku, jina linalofanana na la mzee huyo, tungefaa kuikumbuka habari hii. Yakobo alimpenda sana Raheli, akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Lakini hakuiacha huzuni iwe mwongozo wa mtoto. Na katika kabila ya Benyamini alitoka Sauli mfalme wa kwanza wa Israeli, na baadaye Mtume Paulo.

Wengine husema, "Hata mitume walipiga kura walipomchagua Mathiya." Ndiyo, lakini angalieni jinsi walivyofanya. Kwanza walitafuta watu wawili waliofaa kwa kazi ile. Kisha wakaomba. Hapakuwa na mtu aliyeweka fedha, wala hapakuwa na maskini aliyerudi nyumbani mikono mitupu ili mwingine apate. Kura ya namna nyingine twaiona chini ya msalaba, askari walipoligawia bahati vazi la Bwana huku yeye akiteseka juu yao.

Tena Isaya na Yohana watuonyesha kazi ya jina mbele ya Mungu. Mungu humwita mtu wake kwa jina kwa sababu mtu huyo ni wake. Mchungaji Mwema huita kondoo kwa majina ili awatoe nje na kuwalisha. Jina la mpendwa wako likikuita uache mbolea ya watoto walio hai, hiyo si sauti ya mchungaji.

6. Basi tufanye nini?

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kuisimamia michezo hiyo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Wazazi, jueni jambo hilo, na msimtume mtoto kupeleka mkeka. Lakini sheria haiwezi kutulinda na huzuni zetu. Hiyo ni kazi yetu sisi kwa sisi.

Yule mzazi alimweleza mkewe yote. Ilikuwa siku ngumu. Lakini mama yule alisema neno ambalo hatukulitazamia: "Kumbe nawe unamwaza hivyo? Mbona hukuniambia?" Walikuwa wakiomboleza katika nyumba moja, kila mtu peke yake. Mbolea walikopeshwa kidogo na ndugu, na shamba la mwaka ule lilikuwa dogo. Hatutaki kusema kwamba mambo yote yalinyoka.

Siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, jina la Grace liliandikwa katika orodha ya parishi, likasomwa altareni pamoja na majina ya wapendwa wetu wengine. Mzazi alikuwapo, mkewe pembeni yake. Likatajwa mara moja, kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyelipia.

Ndugu, kama kuna jina linalokusumbua moyoni, usilipeleke kibandani. Lilete hapa.

Maswali ya kujadiliana nyumba kwa nyumba

1. Je, umewahi kuamua jambo la fedha kwa sababu ya jina, namba au ndoto? Lilikwendaje?
2. Kwa nini twakumbuka ishara zilizotimia na kuzisahau zile ambazo hazikutimia?
3. Yakobo alibadili jina la mtoto lakini akaliheshimu kaburi la Raheli. Hili latufundisha nini juu ya kuomboleza?
4. Tumfanyie nini jirani aliyepoteza fedha za msimu kwa kubeti, pasipo kumwaibisha?

Sala

Ee Bwana, uliyetuita kwa majina yetu tulipobatizwa, utufundishe kuwapenda marehemu wetu pasipo kuwadhulumu walio hai. Waponye waliofungwa na kamari, uwape ujasiri wa kusema kweli nyumbani mwao, na utupe sisi mioyo ya kuwapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.