Moto wa Nyiragongo na Kuni za Nakivale



Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 tulikuwa tumemaliza tu sala ya Maghrib, pale Goma, anga la kaskazini likageuka jekundu. Baba alisema neno moja: "Mulima." Hakuna aliyeuliza upi. Lava ya Nyiragongo ilisimama kwenye viunga vya mji, na nyumba yetu ilikuwa huko huko.

Leo wazazi wako Nakivale, nami nasoma hapa Mbarara. Kila nikienda kuwasalimia, wazee wa msikitini huniuliza: "Kijana wetu, moto wote ule hauwezi kuwasha taa? Mama zako wanatembea mbali kutafuta kuni." Mara ya kwanza nilijibu kwa haraka kwamba inawezekana, ni pesa tu. Nilikosea, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kinachozungusha mtambo wa jotoardhi ni mvuke, na mvuke unataka maji. Mvua huzama kwenye nyufa mpaka ikutane na mwamba wa moto, pengine kilomita mbili au tatu chini. Juu yake pakiwa na tabaka la udongo lisilopitisha maji, joto hubaki humo kama wali uliofunikwa. Wachimbaji hutoboa kifuniko hicho. Hivyo ndivyo ilivyo Olkaria, karibu na Naivasha, ambako Kenya iliwasha mtambo wake wa kwanza wa megawati 15 mwaka 1981. Sasa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutoka ardhini.

Nyiragongo ni sufuria isiyo na kifuniko. Kwa miaka mingi ziwa la lava limechemka wazi kileleni, na lava yenyewe ni nyepesi mno: mwaka 1977 ilishuka kwa kasi ya gari. Gesi zake hula chuma. Huko Iceland, mwaka 2009, wachimbaji wa Krafla walitoboa kilomita mbili wakagonga mwamba ulioyeyuka. Mvuke ulitoka, lakini baadaye vali ziliharibika na kisima kikafungwa. Hao ni watu wenye uzoefu na amani. (Sisi wa Goma tunaijua gesi ya mlima kwa jina la mazuku, ile inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na watoto bila harufu.)

Kwa hiyo wazee watafute joto mbali na kilele. Na habari njema ni kwamba si lazima pawe na volkano inayowaka. Mwaka 1952, Kiabukwa huko Katanga, mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi uliendeshwa na maji ya nyuzi 91 tu. Ulikuwa wa kwanza Afrika, nao ulikuwa Kongo! Uganda nayo ina Katwe, Buranga na Kibiro, ambako maji moto hupanda kupitia nyufa za Bonde la Ufa. Joto lake ni dogo kuliko la Olkaria, ila kukausha mahindi au samaki hakuhitaji nyuzi 200.

Jirani yetu wa karibu ni Kitagata, wilaya ya Sheema, ambako watu huenda kuoga kutafuta nafuu ya viungo. Likizo hii, in shaa Allah, nakwenda na kipimajoto pamoja na wenzangu wawili. Anayetaka kuungana nasi anione baada ya sala ya Ijumaa.