Kuungana Hatua kwa Hatua: Somo Kutoka Tanganyika na Zanzibar



Kutoka Chang'ombe hadi Uwanja wa Uhuru ni mwendo wa miguu tu. Katika uwanja huo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Ukishika Barabara ya Kilwa utafika viwanja vya Sabasaba, vyenye jina la siku ambayo TANU ilianzishwa, 7 Julai 1954. Wengi wetu tunapita maeneo hayo kila siku bila kukumbuka jambo moja: nchi iliyopata uhuru uwanjani pale ilikuwa Tanganyika, siyo Tanzania. Tanzania ilikuja baadaye, nchi mbili jirani zilipokubali kuwa moja. Katika somo hili tutaona zilivyofika hapo, na kamati zetu zinaweza kujifunza nini.

Majirani chini ya mtawala mmoja

Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890. Tanganyika ilitawaliwa kwanza na Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikabidhiwa kwa Waingereza, na kuanzia mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kenya ilikuwa koloni, na Uganda ilikuwa nchi ya ulinzi. Kila moja ilikuwa na utawala wake. Hata hivyo watu walivuka mipaka kufanya biashara na kuoa, na walitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Kenya, Uganda na Tanganyika zilishirikiana pia katika reli, posta na forodha. Kwa hiyo ushirikiano wa kazi ulitangulia umoja wa siasa.

Shirikisho lililokwama

Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki zipate uhuru pamoja na kuungana. Haikuwezekana. Tarehe 5 Juni 1963, mjini Nairobi, yeye, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha bila shirikisho. Nia ilikuwepo, lakini hawakuafikiana ni madaraka gani yapelekwe kwenye serikali ya pamoja na yapi yabaki kwa kila nchi.

Muungano wa 1964

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 22 Aprili mwaka huo Mwalimu Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume walitia saini Hati ya Muungano mjini Zanzibar. Bunge la Tanganyika liliridhia tarehe 25, na siku iliyofuata Muungano ukaanza. Tarehe 27 Aprili, katika Ukumbi wa Karimjee, Mwalimu alichanganya udongo wa pande zote mbili. Jina la Tanzania lilipatikana baadaye mwaka huo huo.

Hati ilitaja mambo 11 tu kuwa ya Muungano, yakiwemo ulinzi, mambo ya nje, polisi, uraia na uhamiaji. Mengine, kama vile elimu ya msingi, afya na kilimo, Zanzibar iliendelea kuyasimamia kwa serikali yake yenyewe.

Kazi ilianza baada ya saini

Tujilinganishe na Australia. Makoloni 6 ya huko yalifanya mikutano na kupiga kura za maoni kwa takriban miaka 10 kabla ya kuungana tarehe 1 Januari 1901. Sisi tuliungana kwa siku chache, bila kura ya maoni, na majadiliano mengi yakafuata baadaye. TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, na Katiba ya kudumu ikapatikana mwaka huo huo. Mambo ya Muungano yaliongezeka kidogo kidogo kutoka 11 hadi 22.

Nyongeza hizo zimekuwa chanzo kimojawapo cha yale tunayoyaita "kero za Muungano". Mfano ni mafuta na gesi asilia, yaliyoingizwa katika orodha mwaka 1968. Kwa miaka mingi Wazanzibari walihoji uamuzi huo. Mwaka 2015 sheria ya Bunge iliruhusu Zanzibar kusimamia mafuta na gesi ya upande wake, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake. Ilichukua muda mrefu, lakini lilizungumzwa mezani, na nyumba haikuvunjwa.

Tunajifunza nini?

Chukulia jumuiya mbili zinazotaka kuchimba kisima kimoja. Kukubaliana kuchimba ni rahisi. Ugomvi huja baadaye: nani anashika ufunguo, fedha za maji zinawekwa wapi, pampu ikiharibika nani analipa. Historia yetu inatupa mambo matatu:

1. Andikeni mapema yapi ni ya pamoja na yapi yanabaki ya kila upande. Shirikisho la 1963 lilikwama hapo hapo.
2. Aliye mdogo asimezwe. Anayejua kuwa sauti yake inasikika hatakuwa na sababu ya kutoka.
3. Mkitaka kuongeza jambo jipya kwenye mkataba, ulizaneni upya. Ridhaa ya jana haitoshi kwa jambo la leo.

Kwa wafadhili wetu, somo ni hilo hilo: mradi wa vijiji viwili unahitaji muda wa mazungumzo, si saruji na mabomba peke yake.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, mradi wetu wa pamoja una makubaliano ya maandishi? Nani ana nakala?
2. Ni jambo gani liliongezwa baadaye bila wote kuulizwa?
3. Mwenzetu mwenye kero anaipeleka wapi, na anajibiwa baada ya muda gani?

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Lakini umoja unaodumu ni ule ambao kila upande bado unaujua mlango wake.